Bomba la juu la baiskeli yangu

Leo nusura nimuue mama yangu kwa baiskeli.

Wiki iliyopita nilimpa fundi wa kuchomelea alikate lile bomba la juu, maana kupanda na kitenge ni shida. Ikawa nyepesi, nikaringa nayo mtaa mzima.

Leo nimempakia mama nyuma, tunaenda gulioni Migato. Tukiwa mteremkoni naona usukani unanijia kifuani. Kutazama chini, bomba lililobaki linajikunja!

"Mayu, ruka!" nikampigia mama kelele.

"Niruke niende wapi?"

Na nyuma yetu lori la pamba linapiga honi.

Tuliangukia majanini, wazima.

Fundi baiskeli wa gulioni kanigombeza: "Haya mabomba ndani ni matupu. Yanabeba mzigo kwa sababu yameshikana pembetatu. Ukitoa moja, mengine yanajikunja tu."

Hapo ndipo nikachomoa simu.

Jirani yangu Mama Kulwa aliipenda yangu, jana naye kakata yake. Asubuhi katoka nayo kuelekea Migato, mtoto mgongoni.

Nampigia, hapatikani.

Jamani, mlioko barabara ya Migato, mkimwona mama mwenye baiskeli nyekundu isiyo na bomba la juu, mwambieni ashuke atembee.

Mimi ndiye niliyemwambia haina shida.