Kompyuta Iliponipa Mimba

Nilijua niko na mimba Jumanne moja asubuhi, kwa risepsheni ya kliniki ya huku kwetu Kware, na hata si mimi niliuliza. Nilikuwa nimempeleka mathe, mama yangu. Alikuwa amekanyaga msumari huko juu kwa ruf ya nyumba akianika nguo, akasema ni kitu kidogo, akapaka mafuta ya taa, na siku ya tatu mguu ukafura mpaka slipasi ikakataa kuingia. Nilimshukisha ngazi zote za floo sita nikimshika kiuno, na yeye kazi yake ilikuwa kunigombeza eti namshika kama gunia ya viazi.

"Namba ya simu?" akauliza msichana wa kompyuta.

Mathe hana simu, ile yake ilianguka kwa karai ya omo ikafua nguo mpaka ikakata roho. Nikataja yangu. Msichana akabonyeza, akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akarudi kwa skrini.

"Hapa inasema uko na presha."

"Mimi?"

"Na mimba ya miezi saba."

Foleni nzima ikageuka kuangalia tumbo yangu, halafu ndevu zangu. Huku kwetu foleni haigeuki hata mtu akizimia.

"Siste, na baba ya mtoto ni nani?" nikamuuliza. "Angalia vizuri, nisiende kumwambia mtu mwingine."

"Na ulishonwa makalio, nyuzi sita."

Hiyo ya mwisho ilikuwa yangu kweli. Kulikuwa na ukuta, juu ya ukuta kulikuwa na chupa, na nyuma yangu kulikuwa na mbwa. Sitaongeza kitu.

Wacha nieleze vile nilipata mimba. Laini yangu ni ya tangu nimalize darasa la nane. Sijawahi kuibadilisha, na kwa floo yetu hiyo ni kama kuwa na title deed ya shamba. Wengine simu zinaibiwa, wanabadilisha laini kama soksi. Kwa hivyo mtu akienda kliniki yoyote akiulizwa namba, anapeana yangu, halafu meseji ya "njoo siku fulani" ikiingia, mimi napiga kelele kwa korido, kama ni ya yule bibi mzee: "Shosho wa mlango wa kwanza, unaitwa presha!" Hakuna mtu alikuwa anaona ubaya. Nilikuwa posta ya floo, na niliipenda hiyo kazi kwa vile nilikuwa najua siri ya kila mtu.

Kile hatukujua ni kwamba kompyuta imetuchukua mimi, shosho wa presha, jirani wa mlango wa nne mwenye mimba, pamoja na mathe, ikatukoroga kwa sufuria moja.

Tukaingia kwa daktari. Alikuwa kijana mpole, miwani inamtoroka kwa pua. Akaangalia mguu wa mathe, hakupenda kitu aliona. Akasema uchafu umeingia ndani, achomwe sindano ya penisilini leo leo. Akaanza kuandika. Halafu kompyuta yake ikatoa kimstari chekundu na mkono ukasimama.

"Mama, umewahi kuchomwa penisilini ikakusumbua?"

"Hapana," mathe akasema haraka, vile anasemanga hapana akiulizwa kama yuko na njaa.

"Hapa imeandikwa kuna mtu mwili wake unaikataa kabisa. Kabisa kabisa. Akichomwa tena anaweza kufa hapo kwa kiti."

"Daktari, hiyo mashine imetukoroga majirani kwa sufuria moja," nikamwambia. "Hata mimi niko na mimba hapo ndani. Hiyo itakuwa ya mlango wa nne, huyo hata harufu ya kitunguu inamkataa. Mchome tu."

Hakucheka. Akasukuma miwani. Akasema zamani kila kliniki ilikuwa na daftari yake, na unaenda na eksasaisi buku yako kwa karatasi ya nailoni, ikilowa mvua historia yako imeisha. Siku hizi mashine zinatumiana. Kila ugonjwa uko na namba yake, kila dawa iko na namba yake, na hiyo namba haibadiliki ukivuka barabara ya Outering.

"Nimeshika," nikasema. Mimi nauza soseji za smoki na mayai boilo pale steji, lakini kibanda cha chakula nakijua. "Ni kama chapo madondo, chapati na maharagwe. Agiza hapa, agiza Majengo, unaletewa kitu ile ile, hakuna mtu anakuuliza unamaanisha nini."

"Hivyo hivyo. Dawa ziko sawa. Nyinyi watu ndio mmeingia wanne kwa namba moja."

Akasoma zaidi. Hiyo ya penisilini iliandikwa wiki ya Pasaka, na kliniki fulani ya Donholm. Nikatoa simu, nikampigia jirani wa mlango wa nne.

"Niaje, mama. Pasaka ulienda kliniki ya Donholm?"

"Wewe kijana! Donholm natafuta nini na hii tumbo? Na nimesikia unasema uko na mimba yangu, nirudishie."

Habari ya foleni ilikuwa imefika nyumbani kabla yetu. Nikamwambia anipatie shosho. Shosho akasema Pasaka alikuwa kanisani siku zote nne, na kama ninataka kujua zaidi nimuulize Mungu.

Nikabaki mimi, na mimi Donholm sikuenda. Nikageuka nimwambie daktari kompyuta inadanganya. Mathe alikuwa anaangalia mguu wake.

Wiki ya Pasaka alikuwa anaenda kufulia watu nguo Donholm.

"Mathe."

"Nini."

"Ile siku ulirudi mdomo umefura. Ukasema ni nyuki."

Nilikuwa nimemcheka wiki nzima. Nilikuwa namuita bata. Nilimuigiza mbele ya majirani, midomo mbele, mpaka shosho akatoa machozi.

"Haikuwa nyuki," mathe akasema polepole. "Nilijikata na wembe kwa mfuko ya suruali ya mtu. Mwenye nyumba akanipeleka kliniki, wakanichoma, nikaanza kukosa pumzi. Kuamka, niko na mipira ya dripu kwa mkono. Nikaona nikikwambia utaacha kazi ukae ukiniangalia."

"Na hawakukwambia ni dawa gani?" daktari akauliza.

"Waliniambia. Kwa Kizungu. Nikaitikia."

Daktari akatikisa kichwa. Nafikiri anaona watu wa kuitikia kila siku. Hata mimi naitikianga. Mtu wa koti nyeupe akimaliza sentensi ndefu, unasema ndio, si kwa vile umeelewa, ni ili asione umemchosha.

Dakika tano hivi kabla ya hapo, mdomo wangu huu huu ulikuwa umesema mchome tu.

Mathe alichomwa dawa nyingine, na daktari akatukalisha kwa benchi kumuangalia. Nilimuangalia kama yai kwa maji moto, mpaka akaniuliza kama nataka kumnunua. Mguu ulichukua wiki mbili kushuka. Jumamosi iliyofuata ile Jumanne tulishuka wote kliniki, jirani na tumbo yake, shosho na kitambulisho amekifunga kwa kitambaa, msichana wa kompyuta akatutenganisha mmoja mmoja. Nikatoka hapo na nyuzi zangu sita pekee. Mimba ilirudi kwa mwenyewe, na baada ya miezi miwili ikawa msichana.

Lakini mathe hakuamini kompyuta peke yake. Alimwambia daktari amwandikie jina la hiyo dawa kwa herufi kubwa, akalikariri njia nzima akichechemea. Sasa hata ukimsalimia tu unaipata. Juzi makanga mmoja wa matatu alimwambia, "Mambo, mathe?"

"Poa," akamjibu. "Na mimi sichomwi pe-ni-si-li-ni, sikia vizuri, siku nikianguka hapa uwaambie."

Makanga akaitikia. Mathe akamshika shati.

"Nirudishie. Nimesema nini?"