Seti Moja ya Breki

Kampuni ilikuwa na mabasi matatu, na mwenye mabasi alijiita Mkurugenzi Mkuu. Mkuu kwa nani, hakuna aliyejua, maana mkurugenzi mdogo hakuwepo. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya gereji, na ndani yake kiti cha kuzunguka kilichokwisha kukataa kuzunguka. Ukutani alitundika picha yake mwenyewe, amekunja mikono, utadhani kajenga reli. Ubavuni mwa kila basi aliandikisha "Usalama Kwanza" kwa rangi ya dhahabu, na rangi hiyo ndiyo kitu pekee kilichokarabatiwa kila mwaka bila kukosa.

Aliyemdharau kuliko watu wote alikuwa fundi wake. Fundi huyu alikuwa mwembamba, kucha nyeusi kwa oili, na alikuwa amekaa gerejini pale miaka kumi na tisa. Alimdharau bosi kwa kutojua boliti wala nati. Alimdharau dereva wa basi la pili kwa kuendesha huku akijitazama kwenye kioo. Lakini abiria ndio aliowadharau hasa. "Mtu anaona basi linafuka moshi, bado anagombania dirisha," alikuwa akisema, kisha anatema mate pembeni. "Ng'ombe wana akili kuliko hawa." Yeye alijiona mtu wa viwango. Ukishajua kazi aliyokuwa akiifanya, unashindwa ucheke au uteme mate na wewe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mabasi yalikuwa matatu, seti ya breki nzuri ilikuwa moja. Mkaguzi wa magari alitaka kila basi lipelekwe kwake mara mbili kwa mwaka, kila moja kwa siku yake. Siku ya basi fulani ikifika, fundi analifungia ile seti nzuri. Linakwenda, linapita, linarudi na cheti. Likisharudi tu, anaifungua, anarudisha zile kuukuu zilizolika mpaka chuma, na seti nzuri inarudi sandukuni isije ikachakaa. Wenyewe waliita kuvalisha. Ilikuwa kama suti moja ya ndugu watatu, kila mmoja anaivaa siku yake ya kuoa. Na fundi wetu alikuwa bingwa wa kuvalisha. Bosi akimsifu alinuna, ila siku hiyo nzima alipiga mluzi.

Asubuhi moja basi la pili lilikuwa tayari kuondoka. Jana yake lilikuwa limetoka kwa mkaguzi, cheti kipya kimebandikwa kiooni, na fundi alikuwa amekwisha kulivua. Abiria walikuwa wamejaa, injini inanguruma, na mbele yao uko mteremko mrefu wa kwenda hospitali. Fundi alisimama mlangoni pa gereji na kikombe chake cha chai, akiwabeza abiria kimoyomoyo, akaona kitambaa cha kijani kwenye kiti cha tatu. Alikuwa mkewe.

Chai ilimmwagikia mkononi, wala hakuisikia. Akaruka ndani ya basi.

"Mama watoto, shuka."

"Nishuke niende wapi? Dada amelazwa, nataka nimwahi kabla hawajafunga mlango wa wodi."

"Shuka, nitakutafutia usafiri mwingine."

"Mwingine wa nini, na mimi nimeshakaa?"

Fundi akainama, akamnong'oneza: "Hili breki zake hazifai."

Mkewe akamtazama. Kisha akamtazama mwanamke wa kando yake, aliyempakata mtoto amelala mdomo wazi. "Na hawa?" aliuliza, wala hakunong'ona.

"Hawa nini?"

"Hawa abiria. Wao zinawafaa?"

"Punguza sauti, mke wangu. Mimi nimekuja kwa ajili yako."

"Kumbe! Miaka yote, 'panda yale ya kampuni nyingine, yana nafasi.' Na mimi mjinga nikidhani unanidekeza."

Akasimama, akajifunga kitambaa vizuri, akawageukia watu. "Jamani, huyu ni mume wangu. Ndiye fundi wa basi hili. Amekuja kunishusha mimi peke yangu."

Hakuongeza neno. Wale ng'ombe walielewa upesi ajabu. Dakika mbili hazikupita, basi likawa tupu. Dereva naye akazima injini na kushuka huku akisema, "Ala! Kumbe!" kana kwamba mguu wake haukuwa ukizama na pedali ya breki kila siku.

Mkurugenzi Mkuu akatoka mbio, shati likiwa nje ya suruali. "Nani kawashusha? Cheti si hicho kiooni? Fundi, waambie! Waambie basi ni zima!"

Watu wote wakamgeukia fundi. Mkewe naye alikuwa akimsubiri, na mtu yeyote angeona kwamba bado alikuwa na tumaini naye. Neno moja la kweli lingetosha. Miaka kumi na tisa alimdharau bosi huyu asubuhi na jioni, na leo ndiyo ilikuwa nafasi ya kumwambia mbele ya watu. Akameza mate.

"Ni zima," alisema.

"Haya, panda," mkewe akamwambia. "Dereva akushushe nalo mpaka hospitali, sisi tutakukuta huko."

Fundi hakusogea. Mtu mmoja akacheka, wakafuata wengine, na hata dereva akacheka. Kisha wakaanza kuteremka kwa miguu, na mke wa fundi akampokea mwenzake yule mtoto ili apumzike kidogo.

"Mama watoto!" fundi aliita.

Mkewe aligeuka, mtoto wa watu begani. "Usiniite hivyo mbele za watu," alisema, akaendelea kushuka nao.