Mkono wa Kulia Ukitoka kwenye Lifti

Mume wangu hapandi lifti. Naliweka hili mbele kabisa, maana yote yaliyotupata kule ugenini yalianzia hapo. Huyu ni mtu aliyechomelea mapaa ya maghala ujana wake wote, ananing'inia juu huko bila wasiwasi, lakini mwonyeshe kile kisanduku chenye vitufe, utamsikia: "Mke wangu, kaburini nitaingia siku yangu ikifika. Siendi kufanya mazoezi." Basi tunapanda ngazi. Yeye mbele, mimi na magoti yangu nyuma, namsema mpaka tufike.

Tulitumwa na kanisa. Tulikuwa tumestaafu wote wawili, watoto wameshaoa na kuolewa, na mzee alikuwa anashinda nyumbani akitengeneza mabomba yasiyo na ubovu. Mchungaji alipotangaza kwamba kanisa rafiki la ng'ambo linaomba mume na mke wazima wa kukaa nalo mwaka mmoja na nusu, kutunza jengo na kutembelea watu, mkono wake ulipanda kabla sijapata miwani yangu. Wa kwangu ukabidi ufuate. Ningefanyaje? Nimwache aende akale mikate mikavu peke yake?

Tulipewa vyumba viwili nyuma ya kanisa. Asubuhi mzee anafungua milango, anafagia, anapanga viti. Mimi napita nyuma yake navipanga upya, kwa sababu mistari yake imepinda, mchomeleaji mzima! Halafu tunakaa mezani kujifunza lugha ya wenyeji. Mimi niliishika kichwa, yeye aliishika mkia. Mchana tunatoka kutembelea wagonjwa na wazee. Jioni wajukuu wanapiga simu ya video, wanaona paji la uso tu. "Babu, shusha!" Anashusha, wanaona kidevu.

Msimamizi wetu, mama mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, alitupa watu wengi wa kutembelea, ila mmoja akamtilia mkazo. Huyo zamani ndiye aliyekuwa sauti ya chini ya kwaya, na kila mtu alimwita Besi. Aliimba pamoja na mkewe mpaka mke akafariki. Tangu mazishi hakukanyaga kanisani wala hakumfungulia mtu mlango.

"Atawakana," msimamizi alituambia. "Atasema yeye si mtu wetu. Msibishane naye, msimhubirie. Mwimbieni, mwondoke. Ghorofa ya tatu, mlango wa kwanza mkono wa kulia."

Mzee wangu akalibeba jambo hilo moyoni. "Tukimrudisha huyu mmoja," aliniambia, "nitarudi nyumbani nimeridhika. Tusipomrudisha, basi tulikuja kufagia."

Alhamisi ya kwanza tulipanda ngazi, mlango wa kwanza mkono wa kulia tukabisha. Akafungua mzee mfupi aliyevaa sweta iliyotoboka kiwikoni. Mume wangu akamwuliza kama yeye ndiye Besi.

"Siye mimi," akasema. "Hata kanisa lenu silijui. Mimi simo."

Mzee wangu akanigusa ubavuni: unaona? Nami nikampa yule bwana tabasamu la mtu asiyedanganyika kirahisi. "Sawa, baba, humo. Tunaweza kuingia?"

Alitutazama, akautazama mlango wa jirani yake, akatutazama tena. "Ingieni. Lakini nina viti vitatu tu."

Viti vitatu vilitutosha. Tukaimba. Katikati ya ubeti wa pili ukuta ukagongwa: ko, ko, ko. Nikanyamaza kwa aibu, nikajua tumemkera jirani. Mwenyeji wetu akainua mkono. "Ongezeni sauti. Na hivi viti visogezeni huku, ukutani." Haya! Tuliposhuka nilimwambia mume wangu kwamba huyu ana ugomvi na jirani yake na anatufanya sisi fimbo ya kumchapia.

Basi ikawa kila Alhamisi. Tulimbatiza jina wenyewe, Bwana Simo. Alikuwa fundi viatu, sasa macho yamemchoka, lakini alinishonea ndara zangu kwa kupapasa tu na hazijakatika mpaka leo. Alitupikia chai nzito, akatusimulia wateja wake wa zamani, mwembamba alivyotembea na mnene alivyochosha kisigino. Alituzoea, nasi tukamzoea mpaka Jumatano nikawa naanza kumwandalia maandazi. Kuimba tu ndiko kulikomshinda. Siku tuliyombembeleza ajaribu, ikatoka sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta.

"Besi gani huyu?" nilimnong'oneza mzee.

"Majonzi, mke wangu. Majonzi yanaharibu sauti."

Nikakubali. Na ukuta nao ukaendelea kugongwa kila tukinyamaza.

Siku zetu zilipokaribia kwisha, msimamizi alikuja kutuaga mapema kwa kuwa alikuwa anasafiri. Akazungukazunguka na maneno, mwisho akayatema. Alikutana na binti yake Besi. Binti kamwambia kwamba baba yake anasema tangu msiba hakuna mtu wa kanisa aliyewahi kugonga mlango wake.

Damu ikanipanda. "Kila Alhamisi, mama! Mvua, jua, na magoti haya!"

Msimamizi akafikiri. "Mnapanda kwa lifti?"

Nikageuka nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama viatu vyake. Lifti ya jengo lile iko katikati ya ujia, ngazi ziko mwisho kabisa. Ukitoka kwenye lifti, mlango wa kwanza mkono wa kulia ni wa Besi. Ukitoka kwenye ngazi, ni wa jirani.

Msimamizi alipoondoka, mzee aliketi kwenye kimoja cha vile viti vyake vya mstari uliopinda, akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tumzike mama yake. "Mtu mmoja," alisema. "Nilipewa mtu mmoja." Nilikuwa na maneno yangu, jamani, nimeyakusanya ngazi kwa ngazi mwaka mzima na zaidi. Nikayameza yote. Nilimpenda sana saa ile. Nikamfuta uso kwa ncha ya kanga yangu.

"Kupotea njia ndiko kujua njia," nikamwambia. "Kesho ni Alhamisi. Inuka."

Kesho yake tulipanda ngazi, tukaupita mlango wa Bwana Simo kama wezi, tukabisha mlango wa pili.

"Nani?" Sauti nene, ya chini, mpaka nikaihisi kwenye kitasa.

"Ni sisi, baba. Wa kanisani."

"Sifungui. Nendeni kwa jirani mkaimbe. Leo mmechelewa."

Tukageuka. Bwana Simo alikuwa ameshatoka mlangoni kwake. "Si niliwaambia simo?" akasema. "Mkakataa. Siku ile aliyogonga ukuta nilishangaa. Miaka yote hajawahi kugonga, hata kuomba chumvi. Nikajua anataka zaidi."

"Sasa mbona hukutuambia ni yeye?" nikamwuliza, ukali wote umenitoka.

"Mngehamia kwake." Akaivuta ile sweta kufunika tundu la kiwiko. "Halafu mimi Alhamisi ningekaa na nani?"

Hapo mzee wangu akamshika bega, akamwingiza ndani. Tukaketi ukutani, tukaimba. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, na ukuta haukugongwa. Mzee wangu akafumba macho. Nilijua anasema moyoni, basi, imekwisha.

Mlango ukasukumwa. Akaingia mzee mrefu, hajanyoa, amebeba kiti chake mwenyewe. Akakiweka karibu na ukuta, akakaa, na kiitikio kilipofika akaingia nacho kwa chini, taratibu, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. Mimi nikashindwa kuendelea. Nililia mpaka mwisho wa wimbo, wanaume wakaumaliza wenyewe, na Bwana Simo akiwaharibia.

"Jumapili nipitieni," alisema Besi. "Lakini ngazi siziwezi. Magoti."

Wote tukamgeukia mume wangu.

Jumapili hiyo aliingia kwenye lifti akiwa ameuminya mkono wangu mpaka pete ikaniuma. Alifumba macho, jasho likamtiririka, akasali kwa sauti kwa lugha ya kwetu. Milango ikafunguka ghorofa ya tatu. Besi alikuwa amesimama mkono wa kulia, amenyoa, amevaa koti la kwaya linalonuka sanduku. Nyuma yake Bwana Simo, kafunga tai.

"Mimi simo," akawahi kusema. "Nasindikiza tu."

Nilidhani mzee wangu atachomoka mbio. Wala. Alifumbua macho, akauzuia mlango wa lifti kwa bega lake ili usijifunge, akajibana ukutani kuwapisha.

"Ingieni, ingieni," akasema. "Tutaenea."