Mafundo Niliyoyapeleka Mjini

Kilichonitoa kijijini Kitaya ni mdomo wa mkwe wangu Hamisi, mume wa binti yangu. Nyanya zangu za bondeni zilidumaa. Akang'oa mche, akaona mizizi imejaa mafundo, akatangazia kijiji kizima kuwa jirani yetu Somoe, mjane wa watu, amelifunga shamba kwa uchawi. Ijumaa baada ya swala kikao kingemnyang'anya Somoe kipande chake. Yaani mwanamume mzima na ndevu zake, anaogopa mzizi!

Alhamisi alfajiri niliifunga ile mizizi kwenye kanga kuukuu, nikapanda basi.

"Bibi, umebeba dawa?" kondakta akauliza.

"Nimebeba ujinga wa mkwe wangu. Usiukalie."

Saa nne nilishuka mjini, Rahaleo, nikaulizia ofisi ya kilimo. Bibi shamba alikuwa binti wa kuja, Neema, kucha zake zina udongo. Nikamwamini, nikamsimulia kesi ya jirani yangu Somoe, ambaye nyanya zake nazo zimedumaa. Akapasua fundo, akaliweka chini ya darubini.

"Chungulia, bibi. Hii ni minyoo fundo."

Nikaona kitu cheupe, kinene kama kibuyu.

"Huyo jike. Wakianguliwa hawajawa jike wala dume. Anayepata mzizi wenye shibe huwa jike, ananenepa papo hapo, anataga. Wakibanana, chakula kikawa haba, wengi huwa madume, wembamba kama uzi, wanatoka mzizini wanakwenda zao."

"Njaa ikiingia, dume linaondoka?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwetu ulifika lini, mwanangu?"

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akauliza, "Nyanya unapanda hapo hapo kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Basi unawalisha wewe. Na huyo jirani, miche alitoa wapi? Wanasafiri na miche."

Miche ya Somoe ilitoka kitaluni kwangu. Nilimpa mwenyewe, nikijisifu. Nikaifunga mizizi yangu, nikapanda basi la kurudi.

Ijumaa kikaoni Hamisi alisimama, kifua mbele.

"Kaa chini, Hamisi," nikasema. "Kama kuna mchawi, ni mimi. Mizizi ina minyoo, na minyoo hiyo ni yangu; Somoe nilimpelekea mimi kwa mkono huu."

Somoe akafuta macho kwa ushungi. "Mama, na mimi niliisifu ile miche!"

Nimejifunza: kabla ya kunyoosha kidole kwa jirani, ng'oa mche wako, uutazame mzizi.

Mwaka huu bondeni tumepanda ufuta badala ya nyanya, mimi na Somoe, minyoo ikose chakula. Hamisi hatujamwona huko tangu nyanya ziishe.