Kompyuta za Dada Yangu Akinyi

Vumbi likipata moto lina harufu yake. Si ya kuungua wala si ya moshi. Ni harufu kavu, inayokaa nyuma ya pua kama unga wa chaki. Hivi karibuni, ofisini kwetu hapa Migori, zilitolewa kompyuta za zamani ili ziwekwe mpya. Zilipangwa kwenye korido, na mwenzangu mmoja akachomeka moja ukutani aone kama bado inafanya kazi. Feni yake ikakohoa, ikaguna, ikaanza kuzunguka, na ile harufu ikanifikia nikiwa nimeshika faili. Nilitoka nje nikasimama kando ya tangi la maji mpaka macho yakakauka. Wenzangu walidhani vumbi limenidhuru. Niliwaacha wadhani hivyo. Ninyi nitawaambia ukweli.

Nilikuwa na dada, jina lake Akinyi. Alinizidi miaka sita. Alizaliwa na ugonjwa wa damu, ule ambao kwetu watu huuita sikoseli kama wanavyousikia hospitalini. Kulikuwa na siku ambazo ungemwona ameketi mlangoni akicheka, usijue kwamba ana lolote. Kisha mifupa ingeanza kumuuma, naye angejikunja kitandani akauma pembe ya blanketi ili asipige kelele, na weupe wa macho yake ungegeuka manjano. Kwa sababu hiyo alikosa shule muhula huu, akakosa na ule, mpaka wenzake wakaingia sekondari naye akabaki nyumbani kwetu Rodi Kopany, akisoma chochote kilichopita mbele yake, hata karatasi za kufungia sukari.

Baba alikuwa mtunza stoo katika shule ya sekondari. Akinyi alikuwa amepewa jina la marehemu nyanya yetu, kwa hiyo Baba hakumwita Akinyi, alimwita "Mama". Mimi aliniita Adhiambo, na nisiposikia mara ya kwanza aliniita "wewe". Mama mzazi naye alikuwa na msemo wake kwamba mgonjwa haulizwi uji. Ni kweli, hakuulizwa, aliletewa. Mimi niliyekuwa mzima ndiye niliyeulizwa: uko wapi mtungi, kuku wamefungiwa, nani amemaliza sukari?

Alasiri moja Baba alirudi na kompyuta imefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli. Ilikuwa sanduku zito la rangi ya maziwa yaliyochacha, na shuleni walikuwa wamemwambia aitupe. Yeye aliona ni bati zuri. Alikusudia kutoa kilichomo ndani, akate upande mmoja, kuku watagie humo. Alikuwa ameshaleta bisibisi na nyundo Akinyi alipotoka chumbani, akijishikilia ukutani.

"Baba, usigonge. Kwanza nione ndani."

"Mama, hii imekufa."

"Kama imekufa haitaumia nikiiangalia."

Baba alicheka, akampa bisibisi. Hivyo ndivyo kuku wetu walivyokosa nyumba, nasi tukapata ugonjwa mwingine nyumbani, huu wa kukusanya.

Habari ilienea haraka kwamba binti wa mtunza stoo anataka kompyuta zilizokufa. Mjomba alileta kibodi kutoka Magunga, imekosa herufi mbili. Karani fulani wa Homa Bay, rafiki ya Baba, alituma skrini yenye kisogo kirefu kama cha televisheni za zamani. Shule ikaendelea kutupa, na baiskeli ya Baba ikaendelea kuleta. Mimi na Akinyi tulilala chumba kimoja, na baada ya mwaka mmoja sikuwa tena na mahali pa kuweka viatu. Chini ya vitanda kulikuwa na masanduku, na juu ya masanduku kulikuwa na nyaya zilizofungwa kwa vitambaa vya nguo kuukuu. Kitabu chake cha mafunzo kilikuwa kinene na hakikuwa na jalada. Alikisoma na kamusi kando, neno kwa neno, kama mtu anayetembea juu ya mawe kuvuka mto.

Nilimtazama akifanya kazi. Alizitoa skrubu moja moja akaziweka katika vizibo vya soda, kila kizibo na upande wake. Alipuliza vumbi kwa bomba la kalamu. Zile kadi nyembamba zenye meno ya rangi ya dhahabu alizisugua kwa raba ya penseli mpaka zikang'aa. Vidole vyake vilikuwa vimevimba tangu utotoni, lakini vikigusa kitu kidogo vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Alichukua bodi kutoka mashine moja, feni kutoka nyingine, diski kutoka ya tatu. Siku mashine ya kwanza ilipofufuka, ililia mlio mmoja mfupi, kama kifaranga, na Mama akaja mbio kutoka jikoni akiuliza nani ameingiza kuku ndani.

"Huyo si kuku," Akinyi alisema, machozi yakimtoka. "Inasema ni mzima."

Alinifundisha lugha hiyo. Mlio mmoja, mashine haina shida. Milio mitatu, ina shida ya kumbukumbu, maana kadi inayoshika mambo wakati kompyuta inafanya kazi imeharibika, imelegea, au haipo. Akifungua mashine, kazi yangu ilikuwa kumulika kwa tochi. "Adhi, leta mwanga hapa. Hapana, hapa. Sawa, kaa hivyo hivyo." Nadhani hakuna wakati nilipohisi mimi ni mtu muhimu nyumbani kwetu kama saa zile nilizoshika tochi mpaka mkono ukafa ganzi.

Basi Baba akakutana na Sista Imakulata parokiani. Alikuwa mtawa aliyesimamia chuo kidogo cha ufundi Homa Bay. Baba hakuwa mtu wa kujisifu, lakini kuhusu Akinyi hakuweza kujizuia, na Sista akasema atakuja Jumamosi aione hiyo kompyuta. Akiridhika, atamchukua Akinyi chuoni bila kuuliza vyeti. Atalala huko huko bwenini, na hospitali haiko mbali.

Akinyi alibadilika. Alifua gauni lake mwenyewe, kazi ambayo alikuwa amekatazwa kwa sababu maji baridi yaliamsha maumivu. Alichagua mashine yake bora, akaifungua na kuifunga tena. Aliandika katika skrini orodha ya kila kiungo cha kompyuta na kazi yake, ili Sista aisome. Jioni alizungumza juu ya bweni kama watu wanavyozungumza juu ya mbinguni.

Mimi nilihesabu vitanda. Kimoja kitabaki kitupu. Nani ataniita nilete mwanga?

Ijumaa, baada ya shule, Akinyi alikuwa nje akioga. Mama alikuwa ametoka kukaanga njugu, nami nilikuwa nimekula kiganja kizima. Niliondoa kifuniko cha sanduku, nikabana vile vishikio viwili vya pembeni kama nilivyomwona akifanya, na kadi ya kumbukumbu ikatoka. Niliisukuma ndani ya tundu la godoro langu. Nilirudisha kifuniko, na nilipomsikia akirudi nilianza kufagia. Hakuna aliyeniambia nifagie.

Jumamosi Sista alikuja saa tisa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini. Mama alikwenda kumpokea njiani, akaingia naye, akampa kiti kizuri. Baba alisimama mlangoni na shati la kwendea misa. Akinyi alibonyeza swichi.

Milio mitatu.

Alizima, akangoja, akawasha tena. Milio mitatu. Skrini ilikuwa nyeusi.

"Inalia nini?" Baba aliuliza.

"Ni kumbukumbu," Akinyi alisema polepole. "Bodi iko sawa, stima inaingia vizuri. Ni kadi ya kumbukumbu."

Akafungua sanduku. Aliangalia ndani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akainua macho. Hakumtazama Baba wala Mama. Alinitazama mimi nilipokuwa nimejibana kando ya kabati.

"Niliitoa mwenyewe jana kuisafisha," alisema. "Nimesahau pale nilipoiweka. Nisamehe, Sista, nimekusumbua bure."

"Hapana, mwanangu, hujanisumbua," Sista alisema. "Bado una muda. Pata nguvu kwanza. Mwaka ujao nitapita tena."

Alikunywa chai, akasali nasi, akaondoka. Baba alivua shati lake la misa akaenda kwa kuku. Akinyi alilala akiwa bado na gauni lake, uso ukutani.

Nilikaa na kadi ile siku mbili zaidi. Jumatatu nilirudi kutoka shule nikamkuta amelala kwa dawa, nikaichomoa godoroni nikairudisha mahali pake mpaka vishikio vikalia. Jioni aliwasha mashine, ikalia mara moja, orodha yake ikatokea. Aliisoma kana kwamba iliandikwa na mtu mwingine. Nilingoja anipige. Nilitamani anipige. Badala yake alizima, akafungua, akaitoa ile kadi na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha. Juu ya yale meno ya dhahabu kulikuwa na alama za vidole, zinang'aa kwa mafuta ya njugu.

"Njoo," alisema. "Siku nyingine ukiitoa, usishike hapa. Jasho na mafuta vinaiharibu. Shika pembeni, hivi. Haya, jaribu."

Nikashika pembeni. Alinipa raba, nikasugua mpaka alama zikaisha. Hatukulizungumzia tena, siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Mwaka ulioahidiwa ulifika, lakini Sista Imakulata alikuwa amehamishwa mbali, na aliyekuja baada yake alitaka vyeti. Akinyi aliendelea na mashine zake. Alifufua tano, na ile shule iliyozitupa ikatuma mkokoteni kuja kuzichukua. Wasichana wa rika lake walijifunzia kuandika juu ya kibodi alizozisafisha, bila kumjua. Alipokuwa na miaka kumi na minane, msimu wa mvua ndefu, maumivu yalimshika kifuani. Alipelekwa hospitali ya Homa Bay siku ya Jumanne. Alhamisi Baba alirudi peke yake, akapita mlangoni bila kuniona, akaketi juu ya kitanda cha Akinyi katikati ya nyaya, akaanza kuita, "Mama. Mama."

Hatia niliibeba peke yangu hadi utu uzima. Nilipoolewa niliibeba. Nilipojifungua binti na kumpa jina la Akinyi niliibeba, na kila mtu alipomsifu kwa kumkumbuka dada yangu, nilitazama pembeni. Niliamini kwamba kama angekwenda chuoni angeishi karibu na hospitali, na kama angeishi karibu na hospitali angekuwa hai.

Baada ya kulia kando ya lile tangi la maji, sikungoja. Jumamosi iliyofuata nilipanda gari mpaka Rodi. Baba tulishamzika. Mama alikuwa uani akichambua maharagwe, nami nikaketi mbele yake nikamwambia yote, kuanzia njugu mpaka godoro.

Hakuacha kuchambua. Alitupa jiwe moja, akatupa lingine.

"Nyathina," alisema mwishowe, yaani mwanangu, jina ambalo hakuwa ameniita tangu nikiwa mdogo. "Unakumbuka nilienda kumpokea Sista njiani?"

"Nakumbuka."

"Nilimshika mkono. Nikamwambia, Sista, nakuomba, angalia hiyo kitu yake, msifu, lakini usimchukue. Huko bwenini akianza kuumwa, nani anajua vile anapenda kukandwa mguu? Nililia hapo barabarani. Sista akaniambia sawa, mama, nitasema mwaka ujao." Akatupa jiwe lingine. "Hata hiyo mashine ingeimba, mtoto hangeenda. Mimi nilikuwa nimemfungia kabla wewe."

Nilikuja nikitaka kusamehewa, na sasa mwanamke mzee alikuwa amekaa mbele yangu akingoja nimsamehe yeye. Nilisogeza kiti. Tulichambua maharagwe pamoja, vichwa vimeinama.

"Akinyi alijua ni wewe?" aliuliza baadaye.

"Alijua siku hiyo hiyo."

"Basi labda hata mimi alinijua." Akajifuta macho kwa ukingo wa leso. "Na hiyo ya kusikia mlio tu akasema shida iko wapi, kabla afungue. Watu wa ofisini kwenu wanaweza?"

"Wachache, Mama. Na hao wamesomea miaka mingi."

Mama aliweka ungo chini. Siku ya mazishi kila aliyesimama alizungumza juu ya maumivu ya Akinyi na uvumilivu wake, na hakuna hata mmoja aliyetaja kompyuta, sisi wenyewe tukiwemo.

"Sasa mtu kama huyo anaitwa nani?"

"Fundi."

"Fundi," Mama alirudia, akilisikiliza neno. "Miaka hii yote watu wakiniuliza, nasema nilizaa mtoto mgonjwa. Kumbe nilizaa fundi."

Nilikuwa na miaka tisa siku nilipoificha ile kadi, na nilidhani ninamzuia dada yangu mgonjwa asiniache. Nimechukua muda wote huu kuelewa kwamba niliyemzuia alikuwa fundi, amevaa gauni alilolifua mwenyewe, tayari kwenda kazini.