Mteja wa Benchi

Kaka yangu alikuwa kinyozi kwa miaka thelathini na moja. Saratani iliposambaa hadi kwenye mifupa, maumivu yalipata dawa, lakini uchovu haukupata. Haukuwa ule wa kulala ukaamka umepona. Alisema ni kama mtu amemjaza mchanga mwilini.

Siku alizojisikia nafuu alinyoa vichwa sita kwa pupa, kisha akalala kitandani siku tatu bila kuinuka. Nikampeleka kwa mshauri wa wagonjwa hospitalini, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya chini. Hakumwambia ajikaze. Alimuuliza, kama nguvu zimebaki za kichwa kimoja tu, angemnyoa nani. Kaka hakufikiri: mwanawe. Huyo ni fundi umeme, anafanya kazi mbali, na alikuwa anakuja baada ya wiki mbili. Tangu mama yake afariki, wawili hao hawakuwahi kuzungumza vizuri popote ila pale kwenye duka la kaka la kunyolea, mmoja amekaa, mwingine amesimama nyuma yake.

Mshauri akamuuliza tena: mteja akifika kabla hujamaliza na mwenzake, unamfanyaje?

"Namwambia akae, asubiri zamu yake."

"Basi na uchovu mwambie hivyohivyo. Usipigane naye. Ukiona amefika, pumzika kabla hajakuangusha."

Nilidhani ni maneno tu. Kesho yake nilikuwa nafagia dukani, kaka akatazama kwenye kioo, kwenye benchi tupu la wateja nyuma yetu.

"Leo kawahi," akasema.

Nikageuka. Mto wa benchi ulikuwa umebonyea katikati. Nikaupigapiga ukajaa. Niliporudi kutoka kumwaga taka ulikuwa umebonyea tena.

Mwanawe alipokuja, kaka alimfunga kitambaa shingoni, akanyoa upande wa kulia, mashine ikaanza kumwelemea. Zamani angejikaza. Safari hii alizima mashine, akavuta kigoda, akaketi. Mwanawe akabaki na nusu kichwa. Muuza vocha wa jirani akachungulia mlangoni.

"Mzee, huyo unamnyoa kwa awamu?"

Tukacheka wote. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, baba na mwana wakaanza kumzungumzia marehemu wifi yangu, polepole, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kaka alisimama akanyoa kidogo, akaketi, akasimama tena. Kila aliposimama alilitazama benchi kwenye kioo.

"Bado zamu yako, bwana. Kaa."

"Unaongea na nani, baba?"

"Na mteja."

"Anataka nini?"

"Hana haraka. Ananisubiri nimalize."

Mwanawe hakucheka. Jua lilikuwa limeshafika kizingitini kaka alipomshikia kioo kidogo nyuma ya kisogo, kama anavyowafanyia wote, akamuuliza kama ni sawa. Kwenye kioo kikubwa mbele yake mwanawe aliona kisogo chake, vidole vya baba yake, na kwa nyuma, benchi. Sijui aliona nini hasa. Nilimwona tu akikunja ngumi chini ya kitambaa. Mimi nilisikia mbao za benchi zikilia taratibu, kama mtu anajiandaa kuinuka.

"Bado, baba," mwanawe akasema. "Punguza kidogo hapa kushoto."

Hapakuwa na unywele wa kupunguza. Kaka alimtazama kwenye kioo. Akaketi apumzike kwanza, kisha akawasha mashine.