Namba Fupi Iliyoniita Roho Yake

Siku ileile mume wangu alipopanda ndege kwenda Kuwait, mtu nisiyemjua alianza kuniita mpenzi.

Sitanii.

Nilikuwa jikoni nakanda unga, macho yamevimba kwa kulia, simu ikaita mlio wa meseji. Nikafuta mikono haraka nikidhani ni Adeel amefika salama.

Wapi.

"Roho yangu, tangu utoke mbele ya macho yangu, hata mwezi umekosa nuru."

Hakuna jina. Namba yenyewe fupi, tarakimu nne tu.

Nikaifuta, nikarudi kwenye unga wangu.

Kesho yake ikaja nyingine. Keshokutwa tena. Mara nimekuwa ua, mara nimekuwa dawa ya kidonda cha mtu. Nikawa nazifuta kama mtu anayefukuza nzi.

Naitwa Rafia. Nimeolewa hapa Jhelum, Pakistan, na tunaishi nyumba moja na wakwe zangu. Baba mkwe, Mzee Inayat, ni fundi saa aliyestaafu, mtu wa maneno machache. Mama mkwe ndiye mwenye funguo zote za nyumba. Halafu kuna shemeji yangu Nadeem, mdogo wake Adeel, ana duka la rangi na mdomo usiolala. Na binti yangu Hania, mtoto wa pumu.

Shida yangu ya kwanza wala haikuwa yale maneno. Ilikuwa salio.

Adeel alikuwa ananiwekea vocha kutoka hukohuko. Nikipumzika kidogo nikataka kupiga, naambiwa salio halitoshi. Sijaongea na mtu, sijafungua intaneti. Limekwenda wapi?

Nikamwambia alipopiga.

"Vocha zako zinayeyuka, Adeel. Halafu kuna namba inanitumia meseji za ajabu."

"Za ajabu vipi?"

"Upuuzi wa mapenzi. Namba fupi."

"Aah, matangazo hayo. Achana nayo. Nitakuwekea vocha nyingine."

Basi, nikaachana nayo.

Alasiri moja wakwe walikuwa msibani. Hania akaanza kukohoa, kifua kikabana, midomo ikaanza kubadilika rangi. Nikatikisa ile dawa yake ya kuvuta. Imekwisha.

Nikampigia Nadeem aje na gari.

"Salio lako halitoshi."

Vocha iliingia asubuhi ileile.

Nilitoka mbio na mtoto begani, hata ushungi sikuukumbuka. Nikagonga mageti ya jirani kama mwendawazimu mpaka baba mmoja akatoa pikipiki yake. Sijui tulifikaje hospitali. Nakumbuka kitu kimoja tu, kichwa cha Hania kilikuwa kizito begani na alikuwa ameacha kulia. Hicho ndicho kilichonitisha.

Wakamwekea hewa. Akarudi, taratibu, akashika kidole changu.

Nadeem alifika baadaye, jirani ndiye aliyemwambia.

"Shemeji, ina maana mtoto anazidiwa, hata kunipigia umeshindwa?"

"Sikuwa na salio."

"Salio gani tena? Kaka si anakuwekea kila siku? Unaongea na nani mpaka linakwisha? Hebu lete hiyo simu nione."

Nikampa. Nilikuwa na nini cha kuficha?

Simu ikalia ikiwa mkononi mwake.

Nilimwona akisoma. Nilimwona uso ukibadilika.

"Rafia," akasema polepole. Siku zote huniita shemeji. "Nani huyu anayesema mto wake hauna raha bila kichwa chako?"

Nikasogea nisome mwenyewe.

"Ni kampuni ya simu. Matangazo."

"Kampuni gani inamwita mtu roho yangu?"

Huwezi amini, mle wodini mtoto wangu bado ana mpira puani, na mimi nimekwisha kuwa malaya.

Kesi ikasomwa nyumbani. Mama mkwe aliichukua simu, akaifungia kwenye kabati la chuma.

"Mwanangu anaungua na jua la ugenini," akasema, "wewe huku una mtu wa kukuliwaza."

"Mama, wallahi simjui."

"Usiape. Mtoto nusura afe kwa sababu ya huyo usiyemjua."

Mzee Inayat akakohoa. "Mpigieni Adeel. Huyu ni mkewe. Akisema arudi kwao, arudi kwao."

Wakampigia, wakaweka sauti kubwa. Nadeem akaeleza yote, na chumvi juu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, lakini moyo umeanza kutulia, maana Adeel anajua. Nilimwambia mwenyewe. Mwenyewe alisema ni matangazo.

"Adeel, unasikia?" baba yake akauliza.

"Nasikia, baba." Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyemeza mfupa. "Acheni... acheni nifikirie kwanza. Nitapiga."

Akakata.

Ndugu zangu, nimezaa kwa upasuaji, nimemzika mama yangu. Bado sijapata kuumia kama siku ile.

Tangu hapo nikawa kivuli ndani ya nyumba. Nikipika wanakula, lakini hakuna anayesema ahsante. Hania akawa analala chumbani kwa bibi yake. Kaka yangu anayeishi mji wa Chakwal akaambiwa aje kunichukua Jumamosi. Adeel akipiga, anaongea na baba yake. Mimi siitwi.

Nguo zangu niliziweka kwenye begi. Zile za Hania sikuzigusa, maana niliambiwa mtoto anabaki.

Alhamisi tukampeleka kliniki kupimwa kifua, mimi na mama mkwe. Hatuongei. Wakati yeye anatafuta bajaji ya kurudi, nikasimama na mtoto kwenye kivuli cha kibanda cha vocha. Ukutani kuna tangazo jekundu limebanduka pembe moja.

"Maneno matamu kila siku. Tuma PYAAR kwenda..."

Pyaar, mapenzi.

Na chini yake tarakimu nne. Zilezile.

Nilitaka kupiga kelele palepale. Nikajikaza. Nikimwambia mama mkwe barabarani, atasema nimelibandika mimi. Nikapanda bajaji.

Ijumaa, wanaume waliporudi kutoka msikitini, tukaketi chakula cha mchana. Nikaweka sahani ya mwisho, sikuondoka.

"Baba," nikasema, "kesho naenda. Nakuomba jambo moja tu. Chukua simu yako, utume neno moja, PYAAR, kwenye ile namba."

Mama mkwe akaniangalia. "Unataka kumtia na baba yako kwenye uchafu wako?"

"Mama, akijibu mtu hapo, nitaondoka leo, sitasubiri kesho."

Mzee akafuta mikono, akaitoa simu yake ya vibonyezo mfukoni, akampa Nadeem. "Tuma."

Nadeem akatuma PYAAR huku akitabasamu kwa kejeli.

Simu ikalia kabla hajaiweka chini.

"Soma," mzee akasema.

"Umejiunga na huduma ya maneno matamu. Utakatwa kila siku..." Nadeem akasita.

Ikalia tena.

"Soma hiyo pia."

"Baba, hii..."

"Nimesema soma."

Nadeem akakohoa. "Roho yangu, tangu utoke mbele ya macho yangu, hata mwezi umekosa nuru."

Mama mkwe alijifunika mdomo kwa ushungi. Mzee Inayat, miaka sabini na ushee, ndevu nyeupe, ameitwa roho ya mtu mbele ya wali.

Hakuna aliyecheka.

Mzee akaagiza simu yangu itolewe kabatini, akapiga huduma kwa wateja kwa mkono wake mwenyewe, akaweka sauti kubwa, akataka laini zote mbili zitolewe kwenye huduma hiyo. Dada wa huko alikuwa mpole. Akasema sawa, zimeondolewa.

"Na hii ya binti yangu nani aliiunganisha? Yeye anasema hakuiomba."

"Ombi lilitumwa kutoka simu hiyohiyo, mzee." Akataja siku.

"Siku hiyo si ndiyo aliyosafiri Adeel?" mama mkwe akauliza.

Nikakumbuka.

Asubuhi ile kila mtu alikuwa anafunga mizigo. Na Adeel alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na simu yangu mkononi. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema ananiwekea picha zake.

Nikaichukua simu ya mzee, nikapanda juu ya paa, nikampigia Adeel kwa vocha ya baba yake.

"Ni wewe," nikasema.

Hakuuliza kitu gani.

"Ulikuwa unalia sana, Rafia. Nikaona lile tangazo. Mimi maneno hayo siyajui, unanijua. Nikasema angalau kila siku usikie kitu kizuri. Nilidhani wanakata mara moja tu, nakuapia."

"Hilo nimelielewa. Niambie la pili. Baba alipokuuliza, kwa nini hukusema?"

Akapumua. "Nadeem alikuwepo. Angenicheka mpaka nazeeka. Na baba... ningemwambiaje baba kwamba namtumia mke wangu mashairi ya kununua? Nikasema yatapita."

"Walikuwa wananirudisha kwetu. Bila Hania. Adeel, ulijua kwamba kaka yangu anakuja kesho?"

"Nilijua."

Nikakata.

Jioni alimpigia baba yake, akasema mwenyewe. Nadeem alikuwepo na hakucheka. Alikuja mlangoni kwangu ameinamisha kichwa, akaniita shemeji. Mama mkwe alimleta Hania, akamlaza kitandani kwangu, akakaa pale pembeni, akinikunjia nguo kutoka kwenye begi na kuzirudisha kabatini moja moja.

Kaka yangu alipofika nilimpa chai, nikamwambia akae hadi Jumapili. Sikuenda naye. Lakini sikumficha kitu.

Adeel anapiga kila siku sasa, anajaribu kusema maneno yake mwenyewe. Anakwama, anaanza upya. Namsikiliza. Bado sijui kama nimemsamehe, na nikiulizwa nasema hivyohivyo.

Wewe unayesoma, angalia laini yako leo. Ukikuta huduma usiyoiomba, itoe, usingoje kama mimi. Na kama kuna mtu anahukumiwa kwa jambo ambalo wewe ndiye uliyelifanya, fungua mdomo wakati bado yuko ndani ya nyumba. Aibu yako itaisha baada ya siku chache. Yeye anaweza kuwa ameshapanda gari.